Kuondoka kwa mtu aliyekutoa: uchambuzi wa kisa cha Joan Rivers, 1986–1987

Kisa kinahusu nini

Nakiandika hiki hasa kwa watu wa komedi, redio, TV na muziki, wale waliotolewa na mtu mkubwa na sasa wanawaza kwenda kusimama wenyewe. Mambo haya yanatokea kila siku na mara nyingi yanaisha kwa bifu, na sisi watazamaji tunabaki kubishana nani msaliti nani mchoyo, wakati ukikaa ukaangalia vizuri usaliti na uchoyo ni kipande kidogo tu cha habari. Nimechagua kisa cha Joan Rivers, mchekeshaji Myahudi wa New York, na kile kipindi cha kati ya Mei 1986 na Agosti 1987 ambapo alipata kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata, akampoteza aliyemtoa, mtangazaji wa TV Johnny Carson, akaipoteza na hiyo kazi yenyewe, halafu akampoteza mume. Wahusika wakuu ni watu wa hadharani na habari zao zimeandikwa miaka na miaka, kwa hiyo majina yao yamebaki yalivyo. Wafanyakazi wa kawaida na watu wa pembeni nimewatoa.

Alikotoka

Alizaliwa Brooklyn tarehe 8 Juni 1933, jina la nyumbani Joan Molinsky, wazazi ni Wayahudi waliohamia Marekani kutoka Urusi, baba daktari. Mama, kwa jinsi Joan mwenyewe alivyokuwa akisimulia, alipenda maisha ya hadhi kuliko mfuko wa baba ulivyoruhusu, kwa hiyo hofu ya pesa aliizoea toka utotoni, na ukitaka kuelewa maamuzi yake ya mbele usiisahau hiyo. Akasoma Barnard, chuo cha wasichana chenye jina, akamaliza 1954. Mpango wa wazazi ulikuwa ule ule wa familia nyingi za Kiyahudi za pale mjini zilizokuwa zinapanda: binti asome, apate mume mwenye kazi ya maana, wakae kitongojini walee watoto. Yeye anataka jukwaa. Nyumbani ikawa vita.

Komedi ya Wayahudi wa New York enzi hizo ilikuwa na njia yake kabisa ya kupanda. Kaskazini mwa jiji kuna milima ya Catskills, huko kulijaa mahoteli ya Wayahudi kwa sababu hoteli nyingi nyingine zilikuwa haziwapokei, basi familia zinaenda kukaa kiangazi, mchana kuogelea, jioni kula mpaka mkanda unalegezwa, usiku shoo. Kila hoteli inahitaji mchekeshaji, na humo ndo walipita akina Sid Caesar, Mel Brooks na Jerry Lewis. Vichekesho vya mke, mama mkwe, daktari, chakula na bei ya vitu. Waliokuwa wanashika maiki karibu wote ni wanaume, mwanamke kazi yake kwenye vichekesho hivyo ilikuwa kuchekwa.

Joan akapanda jukwaani akiwa ndo huyo huyo anayechekwa. Umri unasogea, hajaolewa, mama anahangaika. Alikuwa na kichekesho kwamba mama yake ameweka kibao nje ya nyumba kuwatangazia madereva kuwa huyu ndo msichana wa mwisho kabla ya kuingia barabara kuu. Ni kichekesho cha sentensi moja lakini ndani yake kuna mama, kuna biashara, kuna aibu, kuna mtaa mzima unaoangalia, na mwanaume wa Catskills asingeweza kukisimulia kwa namna ile maana si yeye aliyekuwa anauzwa.

Miaka ya mwanzo ilikuwa ya msoto. Vibarua vya ofisini mchana, usiku viklabu vya Greenwich Village, mtaa wa wasanii pale New York, ambavyo hata nauli unajilipia. Jina la Rivers lenyewe alilichukua kwa wakala wake mmoja aliyemwambia abadilishe jina, akachukua la huyo huyo wakala. Kuna usiku alichemka kabisa jukwaani, na Lenny Bruce, mchekeshaji Myahudi mwenzake aliyekuwa anakamatwa na polisi kwa lugha yake ya jukwaani, akampelekea kikaratasi kumwambia yeye ndo yuko sahihi na hao waliokaa ndo wamekosea. Kwa maelezo yake mwenyewe alikiweka kile kikaratasi kwenye sidiria akawa anapanda nacho jukwaani.

Halafu ikaja 17 Februari 1965. The Tonight Show ya Johnny Carson, shoo ya mazungumzo ya usiku kwenye mtandao wa TV wa NBC, ndo ilikuwa mlango mkuu wa wachekeshaji Marekani nzima, Carson ameishika toka 1962, akicheka na akakuita ukae naye pembeni basi kesho yake simu zinaanza kulia. Joan walishamkataa kwenye majaribio si mara moja. Safari hii akaingia, Carson akacheka mpaka akamwambia hapo hapo hewani kuwa atakuwa staa. Alikuwa na miaka 31. Mwaka huo huo akaolewa na Edgar Rosenberg, prodyuza, Myahudi mzaliwa wa Ujerumani ambaye familia yake ilikimbia Wanazi. Binti yao Melissa akazaliwa 1968.

Carson alimwita tena na tena, na mwaka 1983 akawa mwendeshaji wa kudumu wa zamu zote za Carson akiwa likizo, na Carson alikuwa mtu wa likizo nyingi kwelikweli. Mtu wa kwanza kupewa nafasi hiyo kwa mkataba wa kudumu. Kwa macho ya nje mrithi ameshapatikana.

Mambo yalivyotokea

Ufa ulianza kwenye karatasi. Carson aliongeza mkataba wake na NBC kwa miaka miwili, Joan akapewa mmoja. Ukishawahi kufanya kazi ya mkataba unajua hiyo inamaanisha nini, yaani bosi ana uhakika wa kuwepo kesho kutwa na wewe huna. Juu ya hapo, kwa maelezo ya Joan, mtu wa ndani akawaonyesha yeye na Edgar orodha ya NBC ya watu wanaofikiriwa kumrithi Carson siku akiondoka, na orodha nzima ni wanaume, jina lake halimo.

Wakati huo huo Rupert Murdoch, tajiri wa vyombo vya habari, ameshanunua studio ya Fox pamoja na vituo kadhaa vya TV kwenye miji mikubwa na anataka kuanzisha mtandao wa nne wa taifa kupambana na ABC, CBS na NBC. Bosi wake wa TV, Barry Diller, alihitaji jina kubwa la kufungulia, wakamfuata Joan. Iliripotiwa dili la miaka mitatu lenye thamani ya dola milioni 10, shoo ni yake, jina lake kwenye bango, na Edgar ndo prodyuza mkuu.

Mazungumzo yalifanyika kimya kimya. Tarehe 6 Mei 1986 wakaita waandishi wa habari wakatangaza. Hapa ndo pale pa kila mtu kuvutia kwake. Joan miaka yote alishikilia kuwa mtu wa kwanza yeye kumpigia alikuwa Carson, Carson akapokea, akasikia sauti yake, akakata simu, Joan akapiga tena, Carson akakata tena. Upande wa Carson wanasema taarifa ilikuwa imeshamfikia kupitia watu wengine, na simu ya Joan ilipokuja ilikuwa imechelewa. Ukiziweka pamoja hizo stori mbili wala hazipingani sana. Inawezekana kabisa alipiga, na inawezekana kabisa alichelewa.

Carson hakuongea naye tena. Hii si namna ya kusema tu, hakuongea naye tena hadi anafariki Januari 2005, karibu miaka 19.

Shoo ilianza 9 Oktoba 1986, ndo kipindi cha kwanza kabisa cha Fox kwenda hewani, mbele hata ya vipindi vyao vya jioni vilivyokuja Aprili 1987. Usiku wa kwanza wageni walikuwa Cher, Elton John, David Lee Roth na Pee-wee Herman. Ikapangwa saa tano usiku, nusu saa kabla ya Carson, kwa hiyo Joan yuko katikati ya shoo yake na Carson anaanza. Ile sherehe ya mwanzo ikapita, namba zikaanza kushuka. Fox ilikuwa na vituo vichache sana ukilinganisha na NBC, na vingi ni vile vya UHF ambavyo antena za watu zinavikamata kwa manunguniko. Wageni nao walikuwa na hesabu zao, ukienda kwa Joan unaweza usiitwe tena kwa Carson, na kwa Carson ndo kwenye watu.

Ndani ya jengo Edgar na mabosi wa Fox wakawa hawaivani. Edgar alipata mshtuko wa moyo 1984, akafanyiwa upasuaji, na baada ya hapo hakuwa mtu yule yule, sonona ikamkalia, hasira karibu, anabishania kila kitu. Yeye anaona analinda maslahi ya mke wake, wao wanaona ni mtu anayekwamisha kazi. Ikafika mahali Fox wakamwambia Joan: Edgar atoke, wewe ubaki. Akakataa. Wakawatoa wote wawili, shoo yake ya mwisho ikaenda 15 Mei 1987, miezi saba na siku kadhaa toka ianze.

Ndoa ikaanza kuyumba, wakatengana. Tarehe 14 Agosti 1987 Edgar alijiua akiwa hotelini Philadelphia. Melissa alikuwa na miaka 19.

Maamuzi na sababu zake

La kwanza ni kuongea na Fox kwa siri. Hapa watu wanamhukumu haraka ila jiweke wewe. Una mkataba wa mwaka mmoja, upande wa pili hamjasaini, habari ikivuja leo NBC wanakutema kesho na Fox wanaweza kukuambia subiri kwanza. Wengi wetu tungenyamaza. Siri kabla ya kusaini mimi sina shida nayo. Shida ni yale masaa baina ya kusaini na kutangaza, ambapo dili haliwezi tena kuharibika kwa Carson kujua lakini heshima inaweza kuharibika kwa Carson kutojua. Hayo masaa ndo yalikuwa ya kwenda mwenyewe mlangoni kwake, kabla ya mtu mwingine yeyote, hata kama atafunga mlango. Alimkabidhi kazi hiyo simu.

La pili, na hili linasemwa kidogo, ni kukubali kwenda kukaa uso kwa uso na Carson. Fox walimtaka kwa ajili hiyo hiyo, walitaka vita maana vita inatangaza mtandao mpya bure. Kwa Fox ni mkakati. Kwa Joan maana yake ni kwamba kila kituo, kila mgeni na kila mtazamaji analazimishwa kuchagua kati yake na mtu ambaye Marekani imelala naye chumbani toka 1962. Angeweza kuomba mchana, angeweza kuomba mara moja kwa wiki. Aliutaka usiku, nadhani kwa sababu usiku ndo NBC walimwonyesha kuwa hawatampa, na maamuzi yanayofanywa ili kumwonyesha mtu huwa yanakuja na bei yake.

La tatu ni Edgar kuwa prodyuza mkuu. Sababu za Joan zilikuwa za kweli, walijenga kila kitu wawili toka 1965, yeye anapanda jukwaani Edgar anasoma mikataba, na kwa mwanamke kwenye biashara ile kuwa na mtu wako mezani ilikuwa ni ulinzi. Pia alikuwa amepoteza nguvu baada ya ule ugonjwa na Joan alitaka awe na kitu cha kushika. Unaelewa kabisa kwa nini. Ila mkataba ulimpa cheo mtu mgonjwa mbele ya watu waliokuwa na mamlaka ya kumfukuza, na hakukuwa na mtu wa tatu, wakili au meneja, wa kusimama kati. Kila ugomvi wa ofisini unaingia na wao nyumbani, wanakula nao, wanalala nao.

La nne ni pale alipoambiwa achague. Hili siwezi kulihesabu kama kosa wala kama ushujaa. Angemtoa Edgar angekuwa ameokoa kazi kwa kumvunja mtu aliyekuwa tayari amevunjika, na alipokataa kazi ikaenda na yeye akavunjika vile vile. Kosa lilifanyika mwaka mmoja nyuma kwenye kusaini, siku ile alikuwa analipa tu.

Matokeo

Kwa miezi mingi simu haikulia. Shoo zilifutwa, maana nani anataka mchekeshaji ambaye mumewe amejiua juzi, watu watacheka vipi. Kwa maelezo yake alibaki na madeni, binti yake akiwa na hasira naye, na kuna siku alifikiria naye kujitoa uhai, akiwa amekaa chumbani, kijimbwa chake kikamrukia mapajani akawaza nani atakitunza. (Ukisoma hapa na hali yako iko hivyo, tafadhali ongea na mtu leo, yeyote wa karibu au daktari.)

Kisha akaanza kuokota. Akaingia kwenye kipindi cha mchezo wa maswali, The Hollywood Squares. Akapanda Broadway, kwenye majumba makubwa ya maigizo ya New York, 1988 kushika nafasi ya mwigizaji mwingine. Mwaka 1989 akapewa shoo ya mchana, 1990 ikamletea tuzo ya Emmy ya mwendeshaji bora wa shoo za mchana, akapokea huku analia na kumtaja Edgar. Mwaka huo huo akaanza kuuza vito vyake mwenyewe kwenye QVC, ile TV ya mauzo ambayo mastaa wa wakati huo walikuwa hawataki hata kupita karibu maana kuonekana pale ni kama kutangaza umeishiwa. Kufikia mwisho wa maisha yake mauzo yaliripotiwa kupita dola bilioni 1. Miaka ya tisini yeye na Melissa wakaanza kusimama kwenye zulia jekundu kuwauliza mastaa wamevaa nguo ya nani, kitu ambacho leo kila mtu anakiona cha kawaida. 2009 alishinda shindano la TV la Celebrity Apprentice akiwa na miaka 75, 2010 akaanza Fashion Police, kipindi cha TV cha kukosoa mavazi ya mastaa.

The Tonight Show ilimfungia Joan mlango enzi za Carson hadi alipoondoka 1992, ikamfungia wakati wa Jay Leno aliyemrithi, ikamfungia wakati wa Conan O'Brien. Jimmy Fallon alipoanza tarehe 17 Februari 2014 alimpitisha jukwaani kwa sekunde chache, miaka 49 kamili toka ile siku ya kwanza ya Carson, na mwezi uliofuata akakaa kama mgeni. Septemba mwaka huo huo akafariki baada ya kuzidiwa akiwa kwenye kipimo cha kawaida cha kliniki, akiwa na miaka 81, na usiku wa kabla ya hicho kipimo alikuwa jukwaani Manhattan anafanya shoo.

Uchambuzi

Tuanze na kilichofanya kazi, maana ndo kilichomwokoa na ndo kinachosahaulika. Joan alikuwa na makabati ya chuma yenye droo ndogo ndogo kama za kadi za maktaba ya zamani, ndani yake vichekesho vyake vyote vimechapwa kwenye kadi moja moja na kupangwa kwa mada kwa alfabeti, toka miaka ya mwanzo. Filamu ya maisha yake ya 2010 iliyaonyesha, maelfu ya kadi. Fox waliweza kuchukua studio, bendi, saa ya hewani na jina la shoo. Kadi ni zake. NBC hawakuwa na kadi, Carson hakuwa na kadi. Mtu aliyetolewa na mkubwa mara nyingi hana hesabu ya kipi ni chake na kipi ni cha kiti, na siku kiti kikiondolewa ndo anagundua alikuwa na mashabiki wa kiti. Joan alipotoka pale Mei 1987 alikuwa hana kazi lakini alikuwa na bidhaa, na ndo maana aliweza kwenda kwenye klabu ndogo kabisa akaanza tena, hakuhitaji ruhusa ya mtu.

Kingine kilichofanya kazi ni ile tabia ya kuligusa jambo lenyewe. Wengi walimshauri asubiri, asiseme lolote kuhusu Edgar. Yeye na Melissa wamesimulia kwamba siku chache baada ya msiba walienda kula mgahawa mmoja wa bei mbaya, Joan akafungua menyu, akaangalia bei, akamwambia binti yake baba yako angeziona hizi angejiua tena upya. Melissa akacheka, cheko la kwanza toka habari ile ya kifo ya Agosti. Sasa hapo ndo mahali wasomaji watagawanyika na mimi nakubali mgawanyike. Kuna nyumba ambazo kichekesho hicho ni laana. Ila ndo ilikuwa njia aliyolelewa nayo, komedi ya watu ambao mateso yao wamezoea kuyasema mezani kabla mgeni hajayasema kwa ubaya, na akalipeleka jukwaani hivyo hivyo, anawaambia watu mume wangu kajiua na hapo hapo anajirushia yeye lawama kwa kichekesho cha kujidharau, watu wanashtuka kwanza halafu wanacheka, halafu ukumbi unapumua na shoo inaendelea. Asingesema, watu wangekaa saa nzima wanaliwaza hilo hilo.

Njia hiyo ilikuwa na ubaya wake pia, tusimpambe. Mwaka 2013 alitoa kichekesho kwenye TV kuhusu gauni la Heidi Klum, mwanamitindo mzaliwa wa Ujerumani, kikigusa matanuri ya Wanazi, mashirika ya Wayahudi yakamlaumu wazi, yeye akajibu kwamba ndivyo anavyowakumbusha watu kuhusu mauaji ya Wayahudi na kwamba mume wake alipoteza sehemu kubwa ya familia yake kule. Akakataa kuomba radhi. Ndani ya filamu ile ya 2010 kuna ukumbi mmoja Wisconsin, kafanya kichekesho cha Helen Keller, mwandishi wa Marekani aliyekuwa kipofu na kiziwi, mzee mmoja akasimama akapaza sauti kwamba ana mtoto kiziwi na hiyo haichekeshi. Joan akamrudishia moto mkali, mkali kweli, ukumbi ukampigia makofi. Baadaye nyuma ya jukwaa, kelele zimeisha, anasema anamwelewa yule mzee na anamwonea huruma. Yaani alijua. Jukwaani ni mpaka mwisho, huruma inakuja akishashuka. Na nadhani hiyo ndo tabia aliyoenda nayo hata kwenye dili la 1986, funga macho songa mbele, radhi itajadiliwa kesho, ila Carson hakuwa mtu wa kesho.

Kilichoshindikana zaidi ya vyote kwa maoni yangu hata si ile simu. Watu wanapenda simu kwa sababu ni stori ya watu wawili. Angepiga wiki moja kabla Carson angekasirika pungufu, labda wangekuwa wanasalimiana, na shoo ingekufa vile vile. Iliuliwa na vituo vichache, saa mbaya, wageni waoga, na mkataba uliochanganya ndoa na cheo. Arsenio Hall alikuwa mmoja wa waliokuja kushika zamu kwenye shoo ile ile ya Fox baada ya Joan kutolewa, vijana wakampenda, na Januari 1989 akaanza ya kwake iliyouzwa kituo kwa kituo, akawapata watazamaji ambao Carson wala hakuwa anawahesabu. Maana yake nafasi ya kuishi nje ya Carson ilikuwepo, ila haikuwa kwa kugombania mtazamaji yule yule.

Inabaki hoja ya Joan mwenyewe, aliyoiandika miaka mingi baadaye, 2012, kwamba Carson alikasirika kwa sababu yeye ni mwanamke. Kwamba wachekeshaji wanaume waliotolewa na Carson walienda kufungua shoo zao na hawakununiwa, yeye peke yake ndo alionekana mali ya mtu iliyotoroka. Wapo wanaosema anajitetea. Sehemu fulani ni kweli anajitetea, maana wengi wa hao wanaume hawakuwa na kiti cha kudumu pale ndani na hawakwenda kushindana naye saa ile ile. Lakini hili la urithi si la kulipuuza. Kiti cha zamu alichoacha Joan baadaye kilikwenda kwa Jay Leno, na Carson alipostaafu 1992 Leno ndo akapewa shoo yenyewe, yaani njia ile kutoka kwenye zamu hadi kwenye ufalme ilikuwepo na ilifanya kazi. Baada ya Leno akaja Conan O'Brien, akarudi Leno, akaja Fallon. CBS saa hiyo hiyo wakaweka David Letterman kisha Stephen Colbert, ABC wakamweka Jimmy Kimmel. Kwa hiyo orodha ile iwe ilikuwepo kama alivyosema au aliitafsiri vibaya, kuhusu nani angepewa kile kiti hakuwa amekosea.